Jina katika buku: historia fupi ya fidia ya ajali za kazi katika inchi yetu



Katika mikutano ya mutualite, swali moja linarudi karibu kila mwezi. Mutu ameumia kazini: ameanguka toka juu ya nyumba inayojengwa, mashine imemkata vidole, ao gari ya kazi imepinduka kwenye njia ya Sake. Matibabu ya siku za kwanza yamelipwa na familia. Kisha anakuja na kuuliza: "Sasa nani atanilipa?"

Tungeweza kuandika hatua za kufuata na kuishia hapo. Lakini mutu asiyejua historia ya jambo hili hataelewa kwa nini, akifika ofisini na mukono umefungwa bandeji, anaulizwa namba mbele ya kuulizwa maumivu. Anaona ni dharau. Wakati mwingine ni dharau kweli. Lakini kuko pia sababu ya zamani, na inafaa tuijue. Toka wakati wa Wabelgiji mpaka leo, sheria ya inchi hii imemlipa mutu ambaye jina lake limeandikwa mahali. Aliyeumia bila kuandikwa amebaki na kidonda chake. Tukisoma historia hii vizuri, tutajua wapi pa kushika.

Reli ya Matadi na watu wasiodaiwa

Kazi kubwa ya kwanza iliyoua watu wengi katika Kongo ya wakati wa mfalme Leopold wa Pili ilikuwa reli ya kutoka Matadi mpaka Léopoldville, inayoitwa leo Kinshasa. Ilijengwa toka 1890 mpaka 1898. Wafanyakazi walitoka Bas-Congo, Afrika ya Magharibi, Zanzibar, hata Barbados na China. Hesabu rasmi inasema walikufa Wazungu 132 na watu weusi wapatao 1.800. Waliokatika miguu na mikono na kurudi kwao wakiwa vilema hawamo katika hesabu hiyo.

Je, sheria haikuwako? Ilikuwako moja. Dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, inayoitwa mpaka leo Kitabu cha Tatu cha Sheria ya Madai, inasema katika kifungu cha 258 kwamba mutu akimfanyia mwenzake hasara kwa kosa lake, lazima ailipe. Maneno ni mazuri, na kifungu hicho bado kinatumika katika mahakama zetu. Lakini kina shida kwa mufanyakazi: lazima yeye aliyeumia aonyeshe kosa la mwenye kazi. Mubeba mawe aliyeangukiwa na jabali huko Matadi angeenda kwa hakimu gani, kwa luga gani, kusema kosa ni la nani?

Wakati ule ule, Ulaya ilikuwa inabadilisha mawazo. Ujerumani ilianzisha bima ya ajali za kazi mwaka 1884, Ufaransa ilitoa sheria yake 1898, na Ubelgiji ilifuata tarehe 24 Desemba 1903. Wazo lilikuwa jepesi: mashine ikileta faida kwa tajiri, basi na majeraha ya mashine ni gharama ya kazi, kama mafuta na vyuma. Mufanyakazi hakulazimika tena kuonyesha kosa la bosi. Alihitaji kuonyesha mambo mawili tu: kwamba aliumia, na kwamba aliumia kazini. Kwa mufanyakazi wa Liège ao Charleroi, hiyo ilikuwa haki toka 1903. Kwa mufanyakazi mweusi wa Kongo, njia ilikuwa bado ndefu.

Buku na posho

Dekreti ya tarehe 16 Machi 1922 njo ilipanga kontra ya kazi kati ya mwenyeji na bosi wake. Ilimlazimisha bosi kutoa chakula, mahali pa kulala na matunzo ya ugonjwa. Lakini pia ilimruhusu hakimu kumtia gerezani mufanyakazi aliyevunja kontra. Angalieni mizani hiyo: mutu akiacha kazi, gereza liko tayari, mutu akiachwa na kazi akiwa kilema, sheria ya kumlipa kwa maisha yake haijaandikwa.

Huku kwetu Kivu, miaka hiyo njo makampuni yalikuwa yanaingia. Minière des Grands Lacs ilianzishwa 1923, na Comité National du Kivu 1928, ikipewa ardhi kubwa sana. Toka 1937 mpaka 1955 kulikuwa na mpango wa kuhamisha familia kutoka Rwanda kuja Masisi, kati ya mambo mengine ili mashamba na migodi ipate mikono. Wazee wetu wa Masisi, Rutshuru na Walikale wengi walipita humo: kahawa, chai, pareto, dhahabu, bati.

Kila mufanyakazi alikuwa na buku. Bila buku hukupata posho, hukuonwa na muganga wa kampuni, hukutembea vizuri hata barabarani. Neno hilo limebaki mu luga yetu mpaka leo. Ndipo tabia ilipoanza ya kufikiri kwamba mutu anaanza kuwako pale anapoandikwa. Buku ilikuwa kamba ya kumfunga mufanyakazi, ni kweli. Lakini kamba hiyo hiyo njo baadaye iliwasaidia wengine kuonyesha kwamba walifanya kazi, wapi na miaka ngapi.

1949: haki inakuja ikichelewa

Kisha vita ya pili ya dunia. Migodi ya Kongo ilifanya kazi usiku na muchana kwa ajili ya bati, shaba na madini mengine ya Washirika, na wafanyakazi walichoka. Mwaka 1941, huko Lubumbashi (Élisabethville wakati ule), wafanyakazi wa Union Minière waliogoma walipigwa risasi na askari. Baada ya vita, serikali ya koloni haikuweza kuendelea kama zamani.

Mwaka 1945 ilitoka dekreti ya fidia ya ajali, lakini kwa wafanyakazi wa Kizungu. Tarehe 1 Agosti 1949 njo ikatoka dekreti ya fidia ya ajali za kazi na magonjwa ya kazi kwa wafanyakazi wenyeji wa Kongo na Ruanda-Urundi. Hesabuni: toka 1903 mpaka 1949 ni miaka 46. Ni umri wa mutu kuzaliwa, kufanya kazi mugodini, kuumia na kufa, na sheria haijafika.

Hata hivyo, tusiidharau dekreti ya 1949. Iliingiza kwetu wazo lile la Ulaya: aliyeumia hana haja ya kuonyesha kosa la bosi. Ilifuatwa na malipo ya watoto, mwaka 1951, kisha pensheni ya wazee, kwa dekreti ya tarehe 6 Juni 1956. Kwa mara ya kwanza mjane wa mufanyakazi mweusi alikuwa na mahali pa kubisha hodi akiwa na haki mukononi. Lakini mlango ule ulifunguka kwa ajili ya mufanyakazi mwenye kontra na buku. Mutu wa shamba, mubeba mizigo, mama muuzaji wa soko: wote hao walibaki inje.

1961: nyumba moja kwa wote

Tarehe 29 Juni 1961, siku moja mbele ya uhuru kutimiza mwaka, serikali ilitoa dekreti-sheria iliyoweka Taasisi ya Taifa ya Akiba ya Jamii. Sisi wote tuliijua kwa herufi zake nne: INSS. Iliunganisha makasha matatu ya wakati wa Wabelgiji: la pensheni, la walemavu wa kazi, na la malipo ya watoto. Inchi ilikuwa imegawanyika vibaya sana wakati ule. Lumumba alikuwa ameuawa Januari ya mwaka huo huo, Katanga na Kasai ya Kusini zilikuwa zimejitenga. Lakini katikati ya moto ule, kuko watu waliokaa mezani kuandika kwamba mufanyakazi aliyeumia atapewa theluthi mbili ya mushahara wake wa wastani wa kila siku, mpaka apone ao mpaka muganga aseme kilema hiki ni cha kudumu. Mwenye kilema cha kudumu cha kuanzia asilimia 15 angepata pensheni. Mwenye kilema kidogo kuliko hapo angelipwa mara moja. Mjane na yatima nao waliwekwa ndani.

Sheria hiyo ilidumu zaidi ya miaka 50. Wengi wa wazazi wetu waliofanya kazi kwenye makampuni waliishi chini yake. Shida haikuwa katika maandishi.

Pesa ilivyokufa mbele ya mwenye haki

Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu alitangaza Zairianisation. Maduka, mashamba na viwanda vya wageni vikapewa wananchi, na mara nyingi wananchi hao walikuwa wakubwa wenye mukono mrefu. Mashamba mengi ya Kivu yalibadilisha mwenyewe kwa siku moja. Bosi mpya ambaye hana mpango wa kuendesha shamba, atakumbuka kupeleka michango ya wafanyakazi INSS? Hapo mufanyakazi alijifunza jambo ambalo linatuumiza mpaka leo: unaweza kuwa na kazi, ukapata mushahara, na jina lako likawa limekufa ofisini bila wewe kujua.

Mwaka 1976 makampuni ya bati na dhahabu ya Kivu na Maniema, Minière des Grands Lacs ikiwa ndani, yaliungana kuwa SOMINKI. Ilikuwa na migodi, mahospitali, mashule, nyumba. Bei ya bati ikaanguka duniani mwaka 1985, na kampuni ikaanza kufa polepole. Ilifungwa 1997. Wafanyakazi wake waliachwa na madeni ya mishahara, na kesi zao zilivutwa miaka na miaka. Wazee wa Kamituga, Kalima na Punia watakuambia hadithi hiyo kuliko sisi.

Na hata yule aliyekuwa ameandikwa vizuri, ambaye mchango wake ulifika na pensheni yake ya kilema ilikatwa na muganga, yeye alikutana na adui mwingine: pesa yenyewe. Oktoba 1993 ilitoka zaïre mpya, moja ikiwa sawa na zaïre za zamani milioni 3. Mwaka 1998 ikatoka faranga ya Kongo, moja ikiwa sawa na zaïre mpya 100.000. Pigeni hesabu: zaïre za zamani bilioni 300 zikawa faranga moja. Mutu aliyewekewa pensheni ya mukono wake uliokatika katika miaka ya 1970, akifika kuichukua mu miaka ya 1990, tiketi ya basi ilimzidi. Wengi waliacha kwenda. Njo hapo watu wetu walianza kusema, "INSS ni ya kazi bure." Hawakukosea kwa yale waliyoyaona.

Moto, vita na karatasi

Kwa mutu wa Goma kuko pia mambo mengine. Tarehe 17 Januari 2002 volkeno ya Nyiragongo ilishuka mpaka katikati ya mji na kuingia ziwani. Iliharibu maduka, maofisi na nyumba za maelfu ya watu. Kontra, buku, sertifika za muganga, karatasi za mishahara: moto haukuchagua. Mei 2021 lava ikashuka tena upande wa Nyiragongo na watu wakakimbia usiku. Katikati ya hayo, vita toka 1996 vimetukimbiza mara ngapi? Sisi ni chama cha waliorudi. Kila mmoja wetu anajua kitu gani mutu anabeba akikimbia: mutoto, sufuria, godoro. Karatasi ya ajali ya miaka mitatu iliyopita inabaki chini ya kitanda.

Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Haki pia ni mali.

Sheria mpya na walio inje yake

Tarehe 15 Julai 2016 inchi ilipata sheria mpya ya akiba ya jamii, namba 16/009, na mwaka 2018 INSS ikageuka kuwa CNSS. Mchango wote ni asilimia 18 ya mushahara: mufanyakazi anatoa 5, mwenye kazi 13. Ndani ya zile 13, asilimia 1,5 ni ya ajali na magonjwa ya kazi, na inalipwa na mwenye kazi peke yake. Tunaliandika hili kwa makusudi, kwa sababu kuko wafanyakazi wanaokatwa mushahara na kuambiwa ni "ya ajali." Hapana. Sheria haikati mufanyakazi hata faranga moja kwa ajali.

Ajali ya njiani pia inahesabiwa, ukiwa unatoka nyumbani kwenda kazini ao kurudi. Mutu aliyegongwa na moto Katindo saa kumi na mbili asubuyi akienda kazini ana haki ya kuuliza.

Sasa tuje kwa wengi wetu. Wanachama wengi wa chama hiki hawana kontra. Wanafanya kazi ya siku: kujenga, kupakua magari, kubeba mizigo bandarini, kulinda maghala, kusukuma tshukudu, hata kugawa vyakula kwenye mashirika. "Jina yako haiko mu liste," njo jibu wanalopewa wakiumia. Kwao, Sheria ya Kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 ina vitu viwili vya kukumbuka.

Cha kwanza ni kifungu cha 40. Mutu wa kazi ya siku akishafanya siku 22 ndani ya miezi miwili, akichukuliwa tena kazini mbele ya miezi hiyo miwili kwisha, kontra yake inahesabiwa kuwa ya muda usio na mwisho. Yaani siye "mutu wa siku" tena, hata kama bosi anaendelea kumuita hivyo. Tumeona mutu aliyefanya mwaka mzima mahali pamoja, kila asubuyi, na siku alipoanguka akaambiwa kwamba alifika jana tu. Alichokuwa nacho ni kidaftari cha shule ambamo mke wake alikuwa akiandika kila siku pesa aliyoleta nyumbani. Kidaftari kile, pamoja na maneno ya wenzake wawili, njo kilibadilisha mazungumzo mbele ya inspekta wa kazi.

Cha pili: kontra isiyoandikwa haifi kwa sababu haikuandikwa. Sheria inaichukua kuwa ya muda usio na mwisho mpaka bosi aonyeshe vingine, na mufanyakazi anaweza kuonyesha kazi yake kwa njia yoyote: mashahidi, ujumbe wa simu, malipo ya pesa ya simu, picha, kadi ya kuingilia.

Wachimbaji wa mikono wa Rubaya na kwingineko wako katika hali ngumu zaidi. Sheria ya madini ya 2002, iliyorekebishwa 2018, inawataka wawe katika koperative. Lakini shimo likianguka, bosi ni nani? Mwenye shimo, mununuzi, koperative? Kila mmoja anamuonyesha mwenzake kidole. Hapo kifungu kile cha 258 cha mwaka 1888 kinarudi: lazima uonyeshe kosa la mutu fulani. Kwa maneno mengine, mchimbaji wa leo amesimama mbele ya sheria karibu pale pale aliposimama mubeba mawe wa Matadi. Ndiyo sababu tunasema historia hii haijaisha.

Walioumia wakiwa ukimbizini

Wengi wenu mlifanya kazi Uganda, Rwanda, Burundi ao Tanzania mbele ya kurudi. Msifikiri kwamba mpaka unafuta ajali. Toka 1925 kuko mkataba wa Shirika la Kazi la Kimataifa, namba 19, unaosema mugeni aliyeumia kazini apewe sawa na mwenyeji. Mkataba wa wakimbizi wa 1951, kifungu cha 24, unaenda mbele zaidi: mukimbizi akifa kwa ajali ya kazi, haki ya familia yake haipotei kwa sababu familia inakaa inchi nyingine. Mjane aliyerudi Goma anaweza kudai kwa kazi iliyomuua mume wake ngʼambo.

Na hapa karibu, ngʼambo ya mpaka tu, Gisenyi, mwaka 1978 inchi tatu za CEPGL, yaani Zaïre, Rwanda na Burundi, zilitia sahihi mkataba wa akiba ya jamii ili mufanyakazi anayevuka asipoteze miaka yake. Siasa imeuchosha mkataba huo mara nyingi, lakini uliandikwa, na aliyeuandika alijua watu wa huku wanavuka kila asubuyi.

Mjue pia kwamba kila inchi ina mlango wake. Uganda, kwa sheria yake ya mwaka 2000, anayelipa ni mwenye kazi mwenyewe, na dai linapita kwa ofisa wa kazi wa wilaya. Tanzania ina mfuko wa fidia, WCF, ulioanza kazi 2015. Rwanda ni RSSB. Kwa hiyo mutu akisema "niliumia Kampala," swali letu la kwanza litakuwa: jina la bosi, mtaa, mwaka, na hospitali gani ilikutunza.

Tufanye nini sasa

Tunajua hali ya leo. Toka mwisho wa Januari 2025 benki za Goma zilifungwa, na kwa mutu anayelipwa kupitia benki, hata haki iliyokamilika imekosa njia ya kupita. Wengine wanasema basi tungoje. Sisi tunasema: pesa inaweza kungoja, karatasi haiwezi. Kidonda kinapona, shahidi anahama, muganga anabadilishwa, na haki ya kudai ina muda wake wa kisheria. Wale waliolipwa baada ya vita vya zamani ni wale waliokuwa na kitu cha kuonyesha.

Kwa hiyo, ukiumia kazini:

Mjulishe mukubwa wa kazi siku ile ile, na mbele ya watu. Andika majina ya walioona.

Hospitalini, sema wazi kwamba ni ajali ya kazi, na uombe sertifika ya muganga yenye tarehe, saa, mahali pa mwili palipoumia na siku za kupumzika. Ukipona, ao kilema kikibaki, omba sertifika ya pili inayosema hivyo. Bila ya pili, kiwango cha kilema hakiwezi kukatwa.

Mwenye kazi njo anapaswa kutangaza ajali CNSS na kwa inspekta wa kazi. Akikataa, wewe ao familia yako mnaweza kutangaza wenyewe. Kukataa kwake hakufungi mlango.

Mkigombana juu ya kontra ao mushahara, pita kwanza kwa inspekta wa kazi kwa mapatano. Mahakama haitapokea kesi ambayo haijapita hapo.

Usitie kidole kwenye karatasi usiyosoma. "Arangement" ya dola chache hospitalini, mutu akiwa na maumivu, imefunga madai mengi.

Piga picha ya kila karatasi, uitume kwa mutu anayekaa mji mwingine.

Mutualite yetu haiwezi kuchukua nafasi ya CNSS, na tusidanganyane. Sheria ya mutualite ya tarehe 8 Februari 2017 inatupa nafasi ya kusaidiana, haitupi mifuko ya serikali. Lakini katika kazi yetu tumeona dosie nyingi zinakufa kwa kitu kidogo: pesa ya sertifika, ya fotokopi, ya moto wa kwenda ofisini mara ya nne baada ya kuambiwa "rudi kesho." Hizo ni pesa ambazo chama kinaweza kubeba. Chama kinaweza pia kumpa mgonjwa mutu wa kumsindikiza, anayejua kusoma Kifaransa cha fomu na asiyeogopa meza ya mukubwa.

Na kuko jambo moja tunaloweza kuanza bila pesa yoyote. Daftari la chama lina safu ya jina, kartie na mchango wa mwezi. Tunapendekeza tuongeze safu tatu: unafanya kazi wapi, kwa nani, toka tarehe gani. Kila mkutano, kila mutu aseme kama kazi imebadilika, na katibu aandike mbele ya wote. Siku mmoja wetu ataanguka toka juu ya nyumba ya mutu na kuambiwa kwamba hajulikani, tutakuwa na buku letu wenyewe la kuweka mezani, limeandikwa mwezi kwa mwezi, na watu kumi na tano walioketi pale likiandikwa.